Betri Iliyotiwa Maji ya Munyu

Wepukhulu, fundi wa betri kwenye gereji moja ya Eldoret, alikuwa mtu wa wasiwasi hata siku za amani. Namjua vizuri, maana mwaka wa 1949 mimi nilikuwa dereva wa gari la misheni, na betri yangu aliihudumia kama mgonjwa. Aliniambia nguvu haitoki kwa mabamba ya risasi wala kwa asidi peke yake. Inatoka pale vinapogusana. Ukoga mweupe ukiota hapo katikati, umebaki na sanduku zito tu. Kwa hiyo maji ya bomba hakuyataka. Alitia ya mvua.

Mwaka huo mkewe, Nasambu, alikuwa mjamzito. Walishazika watoto wawili waliozaliwa njiani, juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Safari hii nesi wa zahanati ya misheni aliahidi kumtumia gari. Gari lenyewe ni hilo ninaloendesha mimi, na betri iko mikononi mwa Wepukhulu.

Asubuhi moja aliongeza maji, betri ikatoa povu. Akayaonja yale maji kwa ncha ya ulimi, akaketi chini. Nasambu, kwa wema wake, alikuwa amekinga mvua kwa chungu cha munyu, yale maji ya majivu ya kulainishia mboga.

"Kimeli, nimeiua," aliniambia.

"Umeiua, ama imeugua tu?"

Hakucheka. Aliimwaga, akaisuuza mara saba, akatia asidi mpya. Kuichaji vizuri ni siku tatu. Saa sita mchana siku hiyohiyo jirani yake Jackson akafika mbio kutoka kwao Yamumbi: uchungu umeanza.

Tuliirudisha betri na chaji ya saa chache tu, gari likawaka kwa kukohoa. Niliogopa, sifichi. Tulimchukua Nasambu, na njia nzima Wepukhulu alitazama boneti badala ya mkewe, mpaka nikamkasirikia.

Zahanatini nesi akamwingiza ndani. Alisema hali ikimshinda, tutakimbilia hospitali kubwa. Nikapeleka mkono kwenye swichi.

"Usizime," Wepukhulu akasema.

"Mzee, hii petroli ni ya misheni."

"Usizime mpaka nisikie mtoto."

Injini ilinguruma saa nzima. Padri alitoka akatuangalia, mimi nikaangalia viatu vyangu. Ndipo kilio kikatoka dirishani, chembamba, chenye hasira.

Wepukhulu akanyoosha mkono, akazima mwenyewe. Gari halikuwaka tena siku ile, na hakuna aliyejali.