Laini kwa Jina Langu

Mashine ilikataa vidole vya mama. Mtendaji wa kijiji alikifuta kidole gumba kwa spiriti, akakikandamiza tena kwenye kioo, ikakataa vilevile. Miaka mingi ya kumenya mihogo na kuparua magamba ya sato pale Mugango ilikuwa imefuta alama zote.

Basi laini ya simu ambayo ruzuku yake ya kujikimu ingepitia ikasajiliwa kwa jina langu. Mama alikuwa amepooza upande mmoja, anaishi na mke wangu. Mimi nauza magodoro Bunda. Niliona ni msaada tu.

Hela ya mwezi wa kwanza ilipoingia kwenye simu yangu, aliniambia anataka hela hiyo amlipe mjane jirani yetu, awe anakuja kumwogesha na kumpeleka chooni.

"Mkeo anachoka," alisema. "Na mimi naonaga aibu mbele yake. Yule mama nimemchagua mwenyewe."

Nilikasirika. Mwanamke mwenye mtoto wa kiume na mkwe, aogeshwe na mtu wa kulipwa? Kijiji kizima kingenisema. "Mama, hiyo hela ni ya chakula na dawa," nikamjibu, utadhani nimeitolea jasho mimi. Nikamletea godoro, unga, mafuta ya kula. Vyote vilikuwa vya maana, na hakuna hata kimoja alichokiomba.

Hakubishana. Aliacha tu chai ya asubuhi, akasema inampa kiungulia. Kisha uji ukawa vijiko viwili. Mke wangu aliponipigia kusema mama anakonda, nilimwambia wazee ndivyo walivyo. Najichukia kwa jibu lile.

Tulimfikisha hospitali Musoma midomo imepasuka, figo zimeshachoka. Hakurudi Mugango akiwa hai. Lakini siku ile ya kwanza bado aliweza kuongea, na nesi alimwinamia akamuuliza, "Bibi, maji unakunywaga kweli?"

"Nikinywa, nitataka kwenda chooni. Nikitaka chooni, nimuite mkwe. Bora nisinywe."

"Kwani hakuna mtu mwingine wa kukusaidia?"

Nilisimama pale miguuni pa kitanda, simu mfukoni. Mama hakunitazama. Alimjibu nesi taratibu, kwa adabu, kama mtu anayenitetea.

"Yupo, mwanangu. Ila huyu kijana wangu bado hajaniruhusu."