Baba Mkwe na Mlango wa Moyo

Kwetu Wandali, mke wa mtu hamtazami baba mkwe wake usoni, na mkwe naye hamtazami. Nimeolewa miaka kumi na moja, na muda wote huo baba mkwe nilimjua kwa kikohozi na kwa mgongo. Wenzangu hapa Tunduma hunicheka, wanasema mambo hayo yalishabaki kijijini Ileje. Wao wanakula na wakwe zao meza moja. Siwaonei wivu hata kidogo. Mkwe asiyekuona hawezi kukukagulia masufuria.

Mzee alikuwa anakuja kila mwezi na ndizi na maharage. Akifika getini anakohoa mara tatu, nami naacha cherehani yangu natoka mbio mlango wa nyuma hadi kwa jirani. Akiwa na neno la kuniambia, anamwambia kuku. "Wewe kuku, mwambie mwenye nyumba chai yake ilikuwa nzuri." Mimi niko nyuma ya ukuta, nacheka hadi nashika mbavu.

Basi mwaka juzi miguu ikaanza kuvimba. Nikasema ni cherehani, nani atakaa siku nzima anashona sare za shule asivimbe? Tumbo nalo likajaa. Majirani wakanipongeza kwa ujauzito, nikawatukana kimoyomoyo. Mume wangu ni dereva wa lori, wiki tatu yuko Zambia na Kongo, akirudi ananikuta ndani ya dera pana, haoni kitu.

Aliyegundua ni baba mkwe. Alimpigia mwanawe simu: "Mkeo anaumwa. Zamani nilikuwa sijamaliza kukohoa, mlango wa nyuma umeshalia. Siku hizi namaliza, nasubiri, ndiyo namsikia anaburuta miguu. Na hapo hapo uani anasimama mara mbili kuvuta pumzi. Mpeleke hospitali."

Nilichukia. Mtu hajawahi kuniona, ananipimaje? Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu viatu vilikataa kuingia, nikaenda mwenyewe.

Mbeya wakanipiga picha ya moyo. Daktari akanieleza kwamba moyo una milango minne, na mmoja wa upande wa kulia, wenye vipande vitatu, kwangu haufungi. Damu inarudi ilikotoka, ndiyo maana maji yanajaa miguuni na tumboni. Dawa za kukojoa zingepunguza maji, ila mlango wenyewe hauponi kwa vidonge. Ingebidi niende Dar es Salaam nikapasuliwe, waushone na kuuvisha pete usilegee tena. Nikichelewa, ini lingeharibika, na hapo hata upasuaji usingenisaidia. Mume wangu, aliyenioa kwa pete ya kuazima, akaniambia kwenye simu, "Angalau hiyo ni yako." Nilicheka, halafu nikalia, kwa sababu nina watoto wawili na niliogopa kufa.

Siku ya safari ikakaribia, lori la mume wangu limekwama kwenye foleni ya mpaka wa Kongo. Hospitali walitaka ndugu wa kusimama na mgonjwa. Wazazi wangu walishafariki, na wifi yangu, aliyekubali kukaa na watoto, alikuwa na kichanga chake. Nikaamua kuahirisha. Asubuhi yake nikasikia kikohozi getini. Mbio sikuwa nazo, nikajifunika kanga kichwa kizima.

"Wewe kuku," mzee akasema, "mwambie mwenye nyumba nimekata tiketi mbili."

Kwenye basi yeye alikaa mbele kabisa, mimi nyuma kabisa. Kila tukisimama, konda ananiletea kitu: Makambako mahindi ya kuchoma, Iringa karanga na maji. Tulipofika Mikumi akashindwa kuvumilia. "Dada, yule babu wa mbele kakuzimikia kweli. Nimpe namba yako?" Nilicheka hadi pumzi ikakata, abiria wakaanza kunipepea.

Hospitalini daktari alituita wote wawili. Mzee akakaa akinipa mgongo, mimi nikaangalia ukuta. Daktari, mtu wa pwani, akadhani tumegombana, akatusihi tusameheane kwanza kabla ya upasuaji. Kisha akamwonyesha mzee moyo wangu kwenye kioo, jinsi unavyopiga na damu inavyorudi. Mzee aliutazama sana. "Umechoka huu," akasema.

Walihitaji watu wa kuchangia damu. Yeye umri ulimkatalia, akanuna kama mtoto. Kesho yake alizunguka jiji asilolijua, akarudi na Wandali wanne, sijui aliwaokota wapi.

Siku ya kuingizwa chumba cha upasuaji nilimwambia nesi, "Nisipotoka, mwambie yule mzee watoto ni wake." Nesi akasema nitamwambia mwenyewe. Nikamjibu kwamba hilo haliwezekani, na sikuwa na muda wa kumweleza kwa nini.

Nilipozinduka nilikuwa na mpira kooni, kifua kizito, mashine zinalia kila upande. Kando ya kitanda alisimama mzee mmoja, kavaa gauni la kijani la hospitali, mashavu yamebonyea, macho mekundu. Sikumjua. Nikadhani amekosea mgonjwa. Alipofungua mdomo nikaijua sauti, nikataka kuinuka, mwili ukakataa.

"Nimesimama nje ya mlango tangu jana nakusikiliza," akasema. "Hizi mashine zina kelele. Sikusikia kama unapumua. Nikaona niingie nikuangalie, mwanangu."

Sikuwa na kanga ya kujifunika. Nikamtazama usoni, naye hakugeuka.