Kopo la Aiskrimu

Mwalimu wangu wa chuo alikwishaniambia kwenye simu, bila kumung'unya maneno: kazi yangu ya utafiti isipofika Ijumaa saa sita mchana, chuo kinanifuta, na miaka minne ya kuhangaikia shahada ya pili inaishia hapo.

Antena yangu ilikuwa kijibamba cha shaba cha kurusha vipimo vya maji kutoka visimani. Kwenye mchoro wa majaribio ndani ya kompyuta ilifanya kazi barabara. Mezani kwetu Tegeta, kifaa cha kupimia nilichoazima kilionyesha masafa ya mawimbi yake yameshuka, tena kila mara kwa kiasi kilekile.

Wiki tatu nilichora upya. Niligawa nafasi inayoizunguka antena katika vipande vidogo zaidi, hesabu ya saa mbili ikawa ya saa sita. Nikasogeza mipaka. Nikabadili mahali mawimbi yanapoingilia. Umeme ulikatika mara mbili katikati ya hesabu, na mara ya pili nilitukana kwa sauti. Mama, mwalimu mstaafu, akanitazama mpaka nikaomba radhi. Nilikuwa nimekata tamaa kabisa. Nilimchukia kila mtu aliyewahi kufaulu kitu chochote.

Ijumaa saa tano nikasalimu amri. Niliandika kwamba kosa ni la ubao hafifu wa kubandikia shaba nilionunua Kariakoo, na kwamba mengine yote nimeyahakiki. Nikatuma.

Saa nane mama akaingia. "Nipe kopo langu, mie nina vitumbua vya kuweka."

Kopo lake la aiskrimu. Alinipa mwenyewe, mwanzoni kabisa, niikinge antena na vumbi la barabara yetu, nami nilikuwa naipimia humohumo, waya ukichungulia chini ya kifuniko. Kwetu kila kitu hukaa kwenye kopo la aiskrimu: sindano, vyeti, mboga ya jana. Unaacha hata kuliona. Sikulichora kwenye kompyuta.

Nikaitoa antena, nikapima. Mstari kwenye kifaa ukakaa palepale kompyuta iliposema.

Plastiki ikiwa karibu hushusha masafa. Hilo nimewafundisha wanafunzi wa mwaka wa pili kwa mdomo wangu huu.

Nikampigia mwalimu wa chuo, nimwombe niirekebishe ile kazi. "Shikamoo."

"Marahaba. Nimeipata. Nimeshawapelekea watahini."

Mama alikuwa analisuuza kopo. "Imekubali?" akauliza.

"Imekubali, mama," nikamjibu, nikaanza kulia.