Posa Iliyokwama kwenye Katiba

Nyumba yangu ndiyo ya kwanza upande wetu wa barabara hapa Iguguno kuezekwa bati la msauzi, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa sauti ya chini. Niliondoka na begi la kuazima. Nikabeba mizigo Kariakoo, nikalinda geti la watu Sinza, na jioni nikasoma mpaka nikapata diploma ya umeme. Hakuna mjomba wala mfadhili aliyenisomesha. Wenzangu wengi walirudi na hadithi za mjini. Mimi nilirudi na mashine ya kukamua alizeti, gari dogo aina ya kirikuu la kubebea madumu, na maspika mawili makubwa ambayo mkoani kwetu ungeyapata kwa watu wachache sana. Mashine ikiwaka, harufu ya mashudu inafika barabarani, na madereva wa malori wanajua wamefika kwangu.

Maspika ndiyo yaliyomleta mgombea. Alikuwa kijana mzaliwa wa Shelui, mwalimu wa somo la uraia aliyeacha chaki akagombee ubunge jimboni kwetu kwa tiketi ya chama kidogo. Ofisi ya chama hicho ilikuwa meza moja chini ya turubai. Alikuja kukodi maspika, nikampa, na mimi mwenyewe nikaenda nayo, maana mitambo yangu haiguswi na mtu asiyejua waya mwekundu na mweusi. Hivyo hotuba yake niliisikia kila kijiji mpaka ningeweza kumsaidia akisahau.

"Katiba ilipotoka kiwandani ilikuwa gari jipya," alikuwa akisema. "Kila dereva aliyekuja akafunga spea yake. Mmoja kabadili breki, mwingine kabadili usukani, mwingine kang'oa kioo cha nyuma tusione tulikotoka. Nikifika bungeni, hoja yangu ni moja. Mabadiliko yote yafutwe, gari lirudi lilivyokuwa, ndipo tukae tutengeneze jipya." Kisha ananyoosha mkono. Yeye anasema "Futa", watu wanajibu "Yote", na spika zangu zinalipeleka jibu hilo mpaka mlimani na kulirudisha.

Wapo waliompinga. Wakubwa wa chama chake walimwomba apunguze makali, na redio ikamjadili asubuhi nzima wakimwita mtu hatari. Yeye alifurahi. Alisema mtu hatari angalau anasikilizwa.

Niseme mapema kwamba ubunge hakupata, ili msomaji asihangaike nalo. Nyumbani kwetu tulihangaika na jambo jingine. Siku moja sauti ilimkauka, akaenda zahanati kuomba dawa, na muuguzi aliyempokea alikuwa mdogo wangu wa kike. Dawa ilimpa nafuu mapema, lakini safari za zahanati hazikuisha. Baada ya wiki chache, kampeni zikiwa bado zinaendelea, washenga wakabisha hodi kwetu, na mdogo wangu, ambaye alikuwa amekwisha kuwakataa wawili wenye magari, akasema huyu ndiye.

Baba yetu ni marehemu, na mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo kikao cha posa nakiongoza mimi. Ila neno la mwisho ni la mama, na mama ni diwani wa viti maalum. Huyo si mwanamke wa kuketi nyuma ya mkutano. Siku ya mnada alikuwa akichagua vitunguu, akasikia mkwe mtarajiwa akisema "Futa", na kata nzima ikajibu "Yote". Alirudi nyumbani bila vitunguu.

"Huyo simpi mtoto," alisema.

"Mama, zile ni siasa tu."

"Siasa ndiyo kazi yangu, baba. Viti vya wanawake vimejengwa kwa mabadiliko hayohayo. Mtu anayenifuta mimi kwa spika za mwanangu, kesho atamfuta mke wake kwa mdomo mtupu."

Mdogo wangu hakulia, hayuko hivyo. Alisonga ugali wa mtama kwa hasira mpaka ukawa mgumu kuukata, akaniwekea sahani mbele. "Kaka, wewe ndiye baba hapa. Unakamua alizeti za kata nzima. Nenda kamkamue mama neno moja."

Nikasema mgombea aje ajieleze. Hapo ikatokea shida ambayo mtu wa mjini hawezi kuielewa. Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Akimwona njiani anapisha. Kujibizana naye ndiyo kabisa hakupo, tena kujibizana juu ya Katiba ya nchi. Mama alisema hawezi kukaa meza moja na kijana aliyeleta posa. Kijana naye akasema afadhali akahojiwe na redio tena. Ni mimi niliyepata njia, na naisema kwa sababu hata mchungaji wetu alikuja kunipongeza. Mama akae ndani nyuma ya pazia la mlango. Mgombea na mshenga wakae barazani. Mimi nisimame mlangoni nibebe maneno.

Walifika Jumamosi mchana. Mshenga alikuwa mjomba wa mgombea, mzee mnene mwenye kofia ya sufu katika joto lile, ambaye alikuwa amekwisha kusuluhisha mahari za nusu ya Shelui. Tukasalimiana, shikamoo zikapita pande zote, kisha sauti ya mama ikatoka nyuma ya pazia.

"Muulize kijana. Akishafuta yote, mimi nakwenda wapi?"

Nikageuka kuanza kumpelekea swali ambalo alikuwa amelisikia vizuri. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Shemeji, mwambie mama, kwa heshima zote, kwamba viti vya madiwani vimewekwa na sheria nyingine. Mimi nazungumzia Katiba, na humo kuna vya wabunge."

Kabla sijageuza shingo, mama alikuwa amekwisha kujibu. "Mwambie mzizi ukikatwa sijaona tawi linalobaki kijani. Wanawake wakiondoka kule bungeni, nani atamkumbuka diwani wa Iguguno?"

"Hilo ni kweli," alisema mshenga.

"Mjomba, uko upande gani?"

"Upande wa ng'ombe wangu. Nimewaacha zizini tangu asubuhi nikidhani nakuja kupanga siku ya kuwaleta."

Mama hakucheka, au alicheka kimya. "Muulize tena. Yeye ni mgombea wa chama gani?"

Mgombea alilitaja jina la chama chake kwa sauti kamili, kama yuko jukwaani.

"Hicho chama kilizaliwa kabla ya vyama vingi au baada?"

Vyama vingi viliingia kwa mabadiliko ya Katiba, na mwalimu wa uraia hakuhitaji kukumbushwa. "Mwambie mama hilo nalijua," alisema polepole. "Mabadiliko hayo tungeyarudisha mara moja kwenye Katiba mpya."

"Nani angeyarudisha? Bungeni wangebaki watu wa chama kimoja, na yeye angekuwa Shelui anasahihisha madaftari."

Mshenga alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Mimi nilijizuia kwa sababu mjumbe hacheki, lakini haikuwa rahisi. Mgombea ndiye aliyetushangaza. Hakukasirika. Alisogea mbele kwenye kiti, akasema kwa sauti ambayo jukwaani sikuwahi kuisikia kwake.

"Shemeji, mwambie mama nina sababu. Mtu akishatangazwa kuwa rais, mahakama hairuhusiwi kuuliza. Jambo hilo liliongezwa. Mshindi wa urais hahitaji kufikisha nusu ya kura. Hilo nalo liliongezwa. Nilianza kampeni kwa kuwasomea watu ibara mojamoja, wakasinzia, wengine wakaondoka kufuata mbuzi wao. Nikasema 'yote', wakaamka. Nifanyeje?"

Mama akasema, taratibu, "Hapo kasema neno."

Mshenga aliokota kofia yake akaipangusa gotini. "Jamani, mbona mnateseka? Haya ni mahari tu. Sisi tumekuja tunataka yote yafutwe. Ninyi mnasema lisifutwe hata moja. Mahari haijawahi kuishia hapo. Tupunguziane."

Sijui kama nchi nyingine wana njia bora kuliko hiyo. Niliketi kwenye kizingiti, nikawa naita bidhaa.

"Vyama vingi."

"Vibaki," alisema mama.

"Vibaki," alisema mgombea haraka.

"Rais kukaa vipindi viwili tu."

"Libaki," wakasema wote wawili.

"Haki za raia."

"Zibaki zote."

"Sasa sisi tunatoa tu," mshenga akalalamika. "Hatupokei kitu?"

"Mahakama kutouliza matokeo ya urais," nikasema.

"Hilo achukue," alisema mama, "na mwambie nitamsaidia kulibeba."

"Nusu ya kura."

"Hilo nalo achukue."

"Wabunge wa kuteuliwa."

Mama akakohoa. "Hapo tusubiri kidogo. Nina rafiki yangu analitegemea."

Hata mgombea alicheka. Katika mahari zetu kuna yule mbuzi wa mwisho ambaye huwa anachelewesha kikao kuliko ng'ombe wote, na mbuzi wa siku ile alikuwa viti maalum. Mgombea alifikiri, akasema viti vibaki, ila wanawake hao wachaguliwe kwa kura za wananchi badala ya kupangwa kwenye orodha ya chama. Nilijiandaa kwa mvua ya mawe. Mama akasema kwa sauti ya chini ambayo ilikuwa yangu peke yangu, ingawa wote waliisikia:

"Mwambie hata mimi nalitaka hilo. Mambo ya ile orodha nayajua. Nimewapigia magoti watu ambao nimewapita umri."

Nilimfikishia. Mgombea aliinamisha kichwa kuelekea kwenye pazia, mara ya kwanza tangu afike.

Mshenga akapiga makofi akisema basi kesho ng'ombe wanatoka, lakini mama hakuwa amemaliza. "Akayaseme hayo mnadani. Kwa spika zilezile, na watu walewale."

Mgombea akainua uso. "Lakini watu wamelipenda lile neno, mama. Nikiliacha sasa, zile kura—" Mshenga akakohoa kwa nguvu, na kijana akashtuka kwamba alikuwa amemsemesha mkwe wake moja kwa moja. "Shemeji," alisahihisha, "mwambie mama kura zitapungua."

Mdogo wangu alitoka jikoni na sinia la chai. Msichana anayeposwa hazungumzi kikaoni, kwa hiyo alinisemesha mimi. "Kaka, mwambie mgeni wetu anywe chai isipoe. Kura zake azihesabu mwenyewe. Mimi nitakuwepo mnadani."

Siku ya mnada nilifunga spika juu ya kirikuu nikaziamsha hadi mwisho. Mama alikaa ndani ya gari, kiti cha mbele, akitazama upande wa pili, kwenye wauza majembe. Watu walikuwa wengi. Walimwona mgombea anapanda nyuma ya kirikuu, wakaanza wenyewe kabla hajashika kipaza sauti: "Futa!" wakajijibu, "Yote!" Aliwaacha mpaka wakachoka.

"Siyo yote," alisema.

Muuza mitumba mmoja akapaza sauti. "Mwalimu, umeshapigiwa simu kutoka juu?"

"Hakuna simu."

"Basi mama mkwe kamkamata," mwingine akasema, na mnada mzima ukacheka, maana Iguguno hakuna posa ya siri.

Ningekuwa mimi ningekanusha. Yeye alisubiri kicheko kiishe. "Ndiyo, ni mama mkwe," alisema. "Aliniuliza chama changu kilizaliwa lini, na mimi nikakosa jibu. Na nyie nitawauliza." Akaanza kuwapitisha kwenye mabadiliko, moja baada ya jingine: hili libaki kwa sababu hii, hili liondoke kwa sababu hii, hili semeni ninyi. Wapo walioondoka wakibeza. Wengine walibaki, wakaanza kubishana wao kwa wao, mfugaji mmoja akimshikilia mwenzake shati kuhusu mahakama. Hapakuwa na anayesinzia. Najua kwa sababu nilikuwa juu ya kirikuu na nilikuwa nawaona wote.

Dirisha la mbele la kirikuu likashushwa. Mama hakugeuka.

"Mwanangu, mpigie yule mzee wa kofia," alisema. "Mwambie awafungulie wale ng'ombe."

Nilimpigia palepale, mbele ya kipaza sauti kilichokuwa hakijazimwa, na vigelegele vikaanzia kwa wauza dagaa. Mgombea alisimama katikati ya sentensi, akasahau alikuwa ibara gani. Nilishuka kumtafuta mdogo wangu nimpe habari kama mwenyekiti wa kikao. Nilimkuta kwa muuza vitenge, amefunua doti tatu juu ya meza, na shangazi zetu wawili wakibishana kama sare iwe ya kijani au ya zambarau.