Shikamoo ya kwenye mizani

Juzi nilimsindikiza shangazi kupeleka korosho kwenye ghala moja kati ya Masasi na Newala. Karani wa mizani, kijana mpole wa hapohapo kijijini, alikuwa ametoka semina ya kupunguza upotevu wa muda kazini. Ukutani kabandika karatasi: “Salamu tumezipokea. Weka gunia.”

Gunia la shangazi likapandishwa. Mwenyewe akasimama palepale, mikono kifuani, akiisubiri shikamoo yake. Karani, ambaye shangazi alimbeba mgongoni akiwa mchanga, akajikaza kutazama mizani. Namba zikapanda, zikashuka, zikapanda tena.

“Mbona huandiki?” shangazi akauliza.

“Nasubiri itulie, mama.”

“Kumbe mizani inasubiriwa! Mimi ndiye ninayepoteza muda?”

Foleni nzima ikaangua kicheko. Kijana akajishika kichwa, naye akacheka.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mama yako mguu umepona?”

“Anatembea sasa, anakwenda hadi shamba.”

Namba zikatulia. Karani akaandika uzito, kisha akaenda ukutani kubandua karatasi yake.

Kijana yule nampenda, maana hataki wazee waungue na jua kwenye foleni. Ila dakika za salamu alizozikata hazikuwa zimekaa bure; zilikuwa zinasubiri mizani pamoja nasi. Salamu airudishe tu. Lakini ajue kwamba namba zilipotulia, shangazi alikuwa ndiyo kwanza anaanza kuulizia mbuzi wa nyumbani kwao.