Gari la Shemeji Katika Mji wa Mlimani

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alinunua nyumba kaskazini mwa Dallas, kwenye mtaa ambao wauzaji waliuita kijiji cha Kiitalia juu ya kilima. Kilima chenyewe kilikuwa udongo uliorundikwa na tingatinga, maana huku kwetu ukidondosha chungwa linabaki pale pale. Nyumba ilikuwa na mnara usio na ngazi wala mlango. Darini sebuleni walibandikwa malaika, na mmoja wao alikatwa mguu na feni.

"Shemeji," aliniuliza siku ya kubariki nyumba, "umewahi kuona kitu kama hiki kule kwenu Carrollton?"

Nikasema sijawahi. Ilikuwa kweli.

Sifa za wageni zilimlevya, akaamua twende Italia kuiona miji yenyewe. Mimi nilichukuliwa, nadhani, ili dada apate mtu wa kuongea naye.

Tulipofika alikodi gari kubwa kuliko yote yaliyokuwapo. "Mimi nime-drive Texas," alisema. "Hakuna barabara itanishinda."

Mji tulioufuata ulikaa kileleni, nyumba za mawe zimeshikana kuzunguka kanisa na ngome ya kale. Chini ya mlima kulikuwa na bango la kukataza magari. Shemeji alisema hilo ni la watalii. Sisi tulikuwa nani, hakueleza.

Tukapita lango la mji. Kichochoro kikawa chembamba, akakunja vioo vya pembeni. Kikazidi kuwa chembamba, akasema Waitalia wanapenda kutisha watu. Kisha bati likalia kwenye jiwe na gari likakwama, mbele haliendi, nyuma halirudi, milango haifunguki. Tulitokea kwenye buti: dada, mimi, halafu yeye, akitanguliza makalio, ndani ya suruali nyeupe. Madirisha yakafunguka. Bibi mmoja alicheka hadi akashika fremu. Mwingine alitoa kiti nje, akaketi kama aliyealikwa harusini.

"Baba watoto," dada alisema, "kaa na gari lako. Sisi tunaingia kanisani."

Ndani kulikuwa na ubaridi na harufu ya nta. Ukutani alichorwa Mariamu, rangi imebanduka kwenye bega, mtoto anamvuta shela. Dada ni muuguzi, na tangu afike Texas amefanya zamu za usiku. Alisimama pale muda mrefu.

"Huyu hajalala," akasema polepole. "Tazama macho. Katoka kazini, mtoto ameamka."

Halafu akalia. Tuliketi kwenye benchi, nikamshika mkono, kitu ambacho sikuwa nimefanya tangu tukiwa wasichana.

Shemeji aliingia akitiririka jasho. Aliutazama ukuta mara moja tu. "Hawa watu wameshindwa hata kupaka rangi upya?"

Dada hakugeuka. Alimjibu kwa sauti anayotumia kwa jamaa wa wagonjwa: "Subiri nje, tafadhali. Saa za kuona wagonjwa zimekwisha."

Akatoka. Sijawahi kumwona akitii haraka namna ile.

Gari lilivutwa na trekta la mkulima, mji mzima ukipiga makofi. Shemeji aliwapungia mkono, akidhani wanamshangilia.

Tuliporudi, aliwasimulia wageni wake kwamba Italia ni pazuri ila wenyewe hawajui kupanga miji, na kwamba alijaribu kuwashauri. Wahandisi wenzake wa kazini, kutoka mji jirani wa Richardson, walitikisa vichwa kwa huruma. Dada alipitisha chapati.

Mwaka uliofuata dada aliomba likizo, akakata tiketi moja ya Italia. Shemeji akauliza ni nani atamwendesha huko.

"Kuna basi," dada akasema.

Alikaa wiki nzima. Alinipigia simu akiwa kwenye benchi lile lile kanisani, akinong'ona, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala akashiba usingizi.