Dirisha Lako Limevunjwa

Hili ninalowaandikia hamtaliamini, na sitawalaumu. Mimi nilikuwapo na bado naliona gumu kumeza. Mpwa wangu, fundi wa mapazia, alimpata mteja wake mkubwa kwa kumfuta.

Tunamwita Bi Futi, maana futi ya kupimia haimtoki shingoni hata akila. Mimi ni mjomba wake na mshauri mkuu wa biashara, ingawa yeye husema kazi yangu ni kushika pazia upande wa pili. Shule niliishia darasa la sita. Si kwamba nilishindwa, walimu ndio walioishiwa cha kunifundisha.

Kitambaa kipya kikiingia, Bi Futi huwaandikia wateja barua pepe, na nusu ya kazi zake hutoka huko. Lakini haandikii kila mtu. Akimaliza kupima dirisha, humuuliza mwenye nyumba kama angependa kuandikiwa. Akikubali, daftarini anapigiwa vema na tarehe. Akikataa, anapigiwa mkasi, mistari miwili ya kupishana. Chini ya kila barua huweka anwani ya duka na mahali pa kubonyeza kwa anayetaka kujiondoa, na anayejiondoa hufutwa siku ileile. Nikamwambia huko ni kufukuza wateja kwa adabu.

Siku moja alikwenda kupima zahanati, akaniachia kompyuta. Wale wenye mikasi wakanitia huruma, nikawaingiza wote. Pale pa kujiondoa nikapaondoa, palichafua ukurasa. Halafu nikaona kichwa chake cha barua, "Vitambaa vipya vimefika," hakimwamshi mtu. Nikaandika changu: "Dirisha lako limevunjwa." Nani asingefungua?

Walifungua. Mwalimu mkuu mmoja, mama mwenye mkasi daftarini, alitoka kikaoni mbio, akafika kwake kiatu kimoja mkononi, akakuta dirisha linamtazama, halina hata ufa. Yeye na wengine kumi na mmoja wakalalamika. Jioni hiyohiyo kampuni inayotutumia barua ikafunga akaunti yetu. Bi Futi alete ushahidi wa waliokubali kabla ya Ijumaa, la sivyo haifunguliwi tena.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alipiga picha daftari ukurasa kwa ukurasa, akaitumia kampuni pamoja na maelezo ya kosa lenyewe bila kulipunguza, kisha akanishika mkono mpaka kwa yule Mwalimu.

"Shikamoo, Mwalimu. Aliyekuandikia ni mjomba wangu, lakini duka ni langu. Ulikataa, nasi tukakuandikia."

Mwalimu akanipima toka utosini hadi kwenye ndala. "Na ni mtu mzima."

"Mzima kabisa, Mwalimu, kama dirisha lako."

Bi Futi akanikanyaga. Akatoa simu, akalifuta jina mbele ya macho ya mwenyewe, akamwonyesha. "Hutatusikia tena, labda utuite wewe."

Alhamisi akaunti ikafunguliwa. Kampuni ilisema daftari linatosha. Bi Futi akawaandikia wenye vema peke yao, na kichwa cha barua kikasema kilichokuwa ndani: tulikosea, na vitambaa vimefika. Tisa wakajiondoa, wakafutwa kabla chai haijapoa. Waliobaki wakaanza kuagiza, cherehani ikarudi kulia.

Mwezi ukapita, Mwalimu akaingia dukani kwa miguu yake. Alisema alikuwa akivizia barua nyingine ili atushtaki, ikakataa kuja. Akaona anayetimiza neno dogo namna hiyo hawezi kumpunja kitambaa. Papo hapo akaagizia shule mapazia ya madirisha mia tatu na...

Bi Futi yuko nyuma yangu, anasoma. "Kumi na manne tu, Mjomba."

Haya, kumi na manne. Lakini si madirisha ya mchezo, kila moja lori linapita bila kukunja vioo, na lile la ofisini kwake nilipanda ngazi ya vidato tisini na... Bi Futi amekohoa. Haya, tisa.